Mkwe Katika Kiti cha Mbele

Heche alianza kupanga safari ya Lagos kabla ya mtu yeyote kumwambia kwamba anakwenda. Ndivyo alivyokuwa tangu ujana. Mwambie kuna ngoma Musoma wiki ijayo, kesho asubuhi utamkuta ameshalipaka litungu lake samli na kuliweka juani, mwenyewe amekaa kando anachokonoa meno kama mtu aliyekwisha kufika. Sasa mtu wa namna hiyo aambiwe kuna ndege, tena ndege ya kuvuka Afrika nzima, kutoka huku linakochomoza jua mpaka kule linakozama. Alikosa usingizi siku tatu.

Habari ililetwa Kemambo na Bwana Sadick, afisa utamaduni wa wilaya, mwishoni mwa mwaka wa sabini na sita. Bwana Sadick alikuwa mtu wa Tanga, mpole, aliyeletwa Tarime na kazi ya serikali, na baada ya miaka mitatu bado alikuwa anavaa sweta mpaka saa tano. Aliwakusanya watu mbele ya ofisi ya kijiji, akaeleza kwamba watu weusi wa dunia nzima watakutana Lagos mwezi wa kwanza, wacheze, waimbe, waonyeshane kazi za mikono yao, na kwamba Tanzania nayo inapeleka kikundi. Mkoa wa Mara ulitakiwa kutoa mpiga litungu mmoja. Mmoja tu, alisema tena, na kijiji kizima kikageuza shingo kumtazama Heche.

Alistahili kutazamwa, hilo hata adui yake asingelikataa. Litungu la nyuzi nane si chombo cha mtu mwenye haraka; ni zito, lina tumbo kubwa lililowambwa ngozi ya ng'ombe, na mpigaji hulikumbatia akiwa ameketi juu ya kigoda kifupi. Susuni walikuwa na mpigaji wao na Nyambureti walikuwa na wao, lakini Heche alipokaa arusini watu waliisahau nyama. Nyimbo zake zilikuwa za kujipiga kifua na za utani wa wazi. Alivua shati, akataja wanawake, akataja na wanayoyafanya gizani, na watu wazima wakacheka huku wameziba nyuso kwa viganja.

Aliyembebea litungu na kumwitikia alikuwa Mseti. Huyu alikuwa mtu wa saro yake, maana yake walitahiriwa msimu mmoja, damu yao ikamwagika asubuhi moja, na Wakurya wa saro moja hawanyimani kitu wala hawaendeani kinyume. Mseti naye alijua kupiga, ila alipiga kama mtu anayesoma barua ya mwenzake kwa sauti. Maneno yote yalikuwapo, na bado ulijua hayakuandikwa kwake.

Bwana Sadick alimwambia Heche pembeni kwamba kutakuwa na mchujo mbele ya kamati kutoka mkoani, lakini mchujo wenyewe ni wa kutimiza kanuni. Aanze kujiandaa, maana siku zilikuwa chache. Heche hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kila Jumatano alipanda lori la ushirika kwenda Tarime mjini, na kila Jumatano akarudi na jambo jipya la kusimulia.

Kwanza ilikuwa fomu. Fomu ilitaka tarehe ya kuzaliwa, na Heche alijua tu kwamba alizaliwa baada ya nzige na kabla ya kaka yake kuchukuliwa vitani. Bwana Sadick akapiga hesabu, akamwandikia mwaka wa thelathini na nane, tarehe moja Julai, na kuanzia siku hiyo Heche akawa anaitaja tarehe hiyo kwa watu kama zawadi aliyopewa na serikali. Kisha ilikuwa picha. Ya kwanza ilitoka amefumba macho, ya pili ameyatoa kama mwizi aliyemulikwa, ya tatu ikakubaliwa. Kisha ikawa sindano ya homa ya manjano, iliyomvimbisha mkono mpaka akashindwa kulishika litungu siku nne, na siku hizo nne nyumbani kwake hakukukalika.

Halafu yakaja mafunzo ya kupanda ndege. Bwana Sadick alikuwa ameipanda mara moja, kutoka Dar es Salaam mpaka Mwanza, kwa hiyo alikuwa mtaalamu. Alipanga viti ofisini kwake viwili viwili, akawaketisha Heche na Mseti, aliyekuja kumsindikiza mwenzake, akawafunga tumboni kwa mkanda wa suruali. Akawafundisha kutia pamba masikioni na kumeza mate ndege inapopanda. Akafungua atlasi ya shule, akaweka kidole kimoja Dar es Salaam na kingine Lagos, akasema hapa katikati mtakuwa hewani saa nyingi, mtakula mkiwa juu na mtalala mmekaa. Heche akauliza kama ndege husimama njiani watu wajisaidie. Akaambiwa choo kimo ndani. Akalifikiria sana jambo hilo, na watu wanaoishi chini yake.

Kuhusu Lagos kwenyewe Bwana Sadick alisema yale aliyoyasoma. Mji una madaraja juu ya maji, una soko ambalo mtu huweza kupotea kutwa nzima, na muziki unapigwa mitaani asubuhi na jioni bila ruhusa ya mwenyekiti wa kijiji. Wanawake wa huko hufunga vilemba vikubwa kuliko ungo. Heche aliyabeba haya mpaka Kemambo, na kila alipoyashusha yalikuwa yameongezeka.

Kilichomsumbua kilikuwa ngozi ya litungu. Bwana Sadick alikuwa amemwambia kwamba mizigo hukaa tumboni mwa ndege, na huko kuna baridi kali, na ngozi ikipata baridi baada ya joto hupasuka. Heche akaenda kwa fundi Athumani, seremala wa Tarime mjini, akatengenezewa sanduku la mninga lenye umbo la litungu lenyewe. Sanduku likahitaji kitu laini ndani. Heche alipofika nyumbani akalichukua blanketi la mke wake Wegesa, lile la zambarau alilopewa na mama yake alipojifungua, akalikata vipande vinne kwa kisu cha kuchunia, akavipigilia ndani ya sanduku. Wegesa aliingia akakuta kazi imekwisha.

"Nitakuletea jingine Lagos," Heche alimwambia. "Huko yamejaa."

Wegesa akasema haya. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na Heche alilipokea neno hilo kama baraka. Siku chache baadaye Wegesa akaomba ruhusa avuke mto Mara aende Nyambureti kumsalimia mama yake. Heche akamwambia aende, bila kumsikiliza vizuri. Alikuwa na pamba masikioni, anajizoeza.

Mchujo ulifanyika Jumamosi, Tarime mjini, katika ukumbi wa maendeleo. Heche na Mseti walilala kwa fundi Athumani ili wasifike na vumbi la barabarani. Kamati ya Musoma iliongozwa na Bibi Kuruthumu, mama mnene mwenye miwani na saa ya mkononi, ambaye alitangaza tangu mwanzo kwamba jina litaitwa mara tatu, na asiyetokea ameishia hapo. Wilaya nyingine zilikuwa zimekwisha kusikilizwa. Orodha ilitakiwa Dar es Salaam siku hiyo hiyo kwa simu.

Zamu ilipokaribia, Heche alikuwa ameshavua shati, amejifunga ngozi kiunoni na njuga miguuni. Mseti alikuwa amelibeba litungu. Heche akachungulia mlangoni aone watu wamekaaje.

Katika kiti cha mbele kabisa, hatua nne tu kutoka kwenye kigoda cha mpigaji, alikuwa amekaa mama yake Wegesa. Alikuwa na kitenge kipya na mikono yake imetulia juu ya mapaja.

Mtu wa mbali hataujua uzito wa jambo hili, kwa hiyo na lielezwe. Kwa Wakurya mwanamume na mama wa mke wake hawaonani. Si kwamba wanachukiana. Ni heshima iliyochanganyika na aibu, wenyewe huiita ensoni. Akimwona njiani huingia porini mpaka apite. Haingii nyumba aliyomo, hali chakula mbele yake, jina lake halitamki. Uso wake Heche aliujua tangu kabla ya kuposa, lakini katika miaka kumi na miwili ya ndoa alikuwa amemwona mama huyo mgongo, na mara moja, kwa bahati mbaya, miguu. Kumkalia mbele kifua wazi na kumwimbia zile nyimbo zake lilikuwa jambo ambalo hata mlevi asingelifanya. Watoto wake wangenyooshewa vidole kwalo mpaka wazeeke, na mama mwenyewe asingeweza tena kuinua uso kwao Nyambureti.

Heche akarudi nyuma haraka, njuga zikilia, akajibanza nyuma ya tangi la maji ya mvua. Hata hivyo hakukata tamaa, kwa sababu jambo la namna hiyo lina dawa yake. Mama mkwe akijua kwamba mkwe wake yuko mlangoni, hujiondoa mwenyewe. Anatakiwa tu mtu wa kumwambia.

"Mseti, mkwe wangu yuko ndani," alisema. "Amekaa mbele kabisa. Nenda kamwambie niko hapa nje, atatoka mwenyewe."

"Naenda, mura. Usiondoke hapo."

Mseti akaingia, litungu kwapani. Heche akabaki amelitazama tangi. Akasikia karani wa kamati akiita jina lake, Heche Nyamhanga. Akatazama mlango wa pembeni, akitegemea kuona kitenge kikitoka. Hakikutoka. Jina likaitwa mara ya pili, watu ndani wakaanza kunong'ona. Likaitwa mara ya tatu. Kisha sauti ya Bibi Kuruthumu ikauliza jambo, sauti ya mwanamume ikamjibu, na nyuzi za litungu zikaanza kujaribiwa moja moja. Heche alifikiri Mseti anawapotezea wakubwa muda ili mkwe apate nafasi ya kutoka. Akamshukuru moyoni.

Kisha nyuzi zikaingia katika wimbo. Ulikuwa wimbo wake Heche, ule mpya aliokuwa ameuficha miezi miwili kwa ajili ya Lagos, na mwanamume pekee aliyewahi kuusikia alikuwa Mseti. Aliyeimba alikuwa Mseti. Aliimba mpaka mwisho, ila maneno ya chumbani aliyaruka, na ukumbi ukapiga makofi mpaka bati likatetemeka. Heche alikaa chini penye tope la tangi. Alijisikia mgonjwa, kama mtu aliyekula nyama ya mzoga bila kujua, na aliyemlisha ni ndugu yake.

Bwana Sadick alimkuta hapo baada ya orodha kupelekwa simuni. Alikuwa na hasira, kwa sababu alikuwa amewaahidi wakubwa mpigaji asiye na mfano.

"Umeitwa mara tatu, Heche. Umekwenda wapi?"

"Mkwe wangu alikuwa ndani."

Bwana Sadick akangoja sentensi iendelee. Alipoona imekwisha, akavua miwani akaifuta. "Mkwe si mtu? Mimi nyumbani Tanga nakula sahani moja na mama mkwe. Ungeingia, ukamwamkia shikamoo, ukakaa, ukapiga."

Heche alimweleza. Alimweleza tena. Bwana Sadick alisikitika kweli, lakini simu ilikuwa imekwisha kupigwa, na jina lililotajwa Dar es Salaam lilikuwa la Mseti.

Wanaume wa saro walikutana kesho yake uani kwa Nashoni, mwenzao mwenye uwanja mkubwa. Chungu cha pombe kiliwekwa katikati, kila mtu na mrija wake. Nashoni mwenyewe alikuwa ukumbini siku ile, na alisema alichokiona: Mseti alimwendea yule mama, akainama, wakanong'onezana kwa muda, kisha Mseti akasimama na mama akabaki kwenye kiti chake. Kila mtu akaelewa. Mtu aliyetumwa kumtoa mkwe ndiye aliyembakiza.

Mseti akaulizwa kama ni kweli alizungumza naye. Akasema ni kweli. Akaulizwa kama mama alitoka. Akasema hakutoka. Akaulizwa kwa nini. Akamtazama Heche, akatazama chini, akasema hana la kusema. Basi wakamhukumu. Mrija wake ukatolewa chunguni, akapewa Heche, na Heche akauvunja juu ya goti lake. Maana yake ilikuwa kwamba hakuna mtu wa saro atakayekunywa naye chungu kimoja tena, atakayemsaidia kuezeka, wala atakayembeba akifa. Mseti akainuka akatoka bila kuaga. Heche alirudi nyumbani amefarijika kidogo, kwa namna ile ya mtu aliyemwona mwizi wake akipigwa ingawa mali haikurudi.

Wiki zilizofuata zilikuwa chungu. Kila kitu alichokijua juu ya Lagos sasa kilikuwa kinamwendea mtu mwingine: daraja juu ya maji, vilemba, chakula cha angani. Hata sindano aliyodungwa ilimuuma upya. Akakaa barazani akimtukana Mseti mbele ya kila mpita njia, na wapita njia wakaongezea ya kwao. Wegesa alipita na ndoo, akapita na kuni, hakutia neno.

Siku ya safari ilipofika, asubuhi, Mseti alisimama penye mlango wa boma. Alikuwa amevaa suruali mpya na amebeba kichwani lile sanduku la mninga, ambalo lilikuwa limebaki mjini kwa fundi Athumani tangu siku ya mchujo. Akalishusha taratibu.

"Litungu lako limo," alisema. "Mimi nimeazima Susuni. Sikuweza kwenda na lako."

Heche akamwambia aondoke kabla hajachukua fimbo.

"Nitaondoka. Lori linapita saa sita. Nisikilize kwanza." Mseti hakuvuka mlango, na hakupandisha sauti. "Nilimwendea mkweo. Nilimwambia maneno uliyonituma, neno kwa neno. Akanicheka. Akasema mkwe wake yuko Musoma tangu jana, ameshachaguliwa, na kwamba binti yake alimwonya kuwa watakuja watu na uongo huo huo ili wamtoe kwenye kiti kizuri. Binti yake alimwambia asiinuke hata aje nani, mpaka yeye mwenyewe atakapomfuata."

Heche alikuwa na binti mmoja wa mama yule ndani ya nyumba. Hakuwa na haja ya kuuliza ni yupi.

"Nilikuwa natoka kuja kukuambia," Mseti akaendelea. "Jina likaitwa mara ya pili, ya tatu. Yule mama wa Musoma akaniona na litungu, akauliza kama mimi ni mpigaji. Ningeweza kusema hapana. Nikasema mimi ni mwenzake, naweza. Nilifurahi, Heche, sikufichi. Miaka yote nimekubebea chombo. Kosa langu ni hilo, na mrija wangu umeuvunja kwa hilo. Sikulalamika."

"Kwa nini hukusema mbele ya wanaume?"

"Ningesema nini? Kwamba mwanamke wa nyumbani mwako ndiye aliyekufungia mlango? Ungewatazama kwa macho gani?"

Akaaga kwa kichwa tu, akashika njia ya barabarani.

Wegesa alikuwa nyuma ya nyumba anasaga ulezi. Heche akasimama mbele ya jiwe la kusagia. Njia nzima kutoka mlango wa boma alikuwa anajiambia kwamba Mseti ni mwongo, na kila hatua ilimkumbusha kwamba Mseti hata nyumba ya mkwe hakuijua ilipo.

"Ni wewe uliyemweka mama pale?"

Wegesa hakuacha mara moja. Alimaliza ulezi uliokuwa juu ya jiwe, akaukusanya unga kwenye ungo, kisha akainua uso. "Ni mimi."

Alieleza bila kulia na bila kuficha. Alikwenda Nyambureti akamdanganya mama yake, akampa nauli ya lori na kitenge, akamwelekeza kiti. Mama alipogundua siku ile ile kwamba mkwe wake alikuwa amejibanza nyuma ya tangi kwa sababu yake, alirudi Nyambureti kwa miguu, na tangu hapo amemtumia Wegesa ujumbe mmoja tu, kwamba asimpelekee salamu tena. "Mama amenikataa," alisema. "Nilijua naweza kumkosa, nikafanya."

"Kwa nini, Wegesa?"

"Mwanetu Gati alipokufa kwa surua ulikuwa Musoma kwenye ngoma. Nilimzika na majirani. Mgambo walipokuja kutuhamisha wakati wa Operesheni ya vijiji ulikuwa Dodoma, unawapigia wakubwa. Waling'oa mlango nikiwa na mimba ya miezi minane. Nilitembea mpaka hapa Kemambo, Robi mgongoni, na ile mimba ikaishia njiani. Uliporudi ulituimbia habari za Dodoma."

Yote yalikuwa kweli. Safari ya Musoma na safari ya Dodoma Heche alikuwa amezisimulia mara zisizo na idadi, na katika masimulizi yake mambo haya hayakuwamo.

"Ungeniambia nisiende," alisema.

"Nilikuambia. Safari ya Musoma nilikuambia, safari ya Dodoma nilipiga magoti. Mara hii nilikuwa nimechoka kusema. Nikajiuliza, kuna kitu gani duniani ambacho Baba Robi hawezi kukiruka. Mtoto mgonjwa alimruka. Mimi aliniruka. Nikaona amebaki mama yangu tu, nikamweka mlangoni."

Heche alitaka kumpiga, na mkono haukuinuka. Alitaka kumwita msaliti, na neno hilo lilikuwa la haki kabisa, lakini alipolitafuta mdomoni alilikuta limemgeukia yeye. Alikuwa hajawahi kuchukia hivyo maishani mwake, na hakujua amchukie nani kwanza. Wegesa akamimina ulezi mwingine juu ya jiwe, akaendelea kusaga.

Lori la ushirika lilisikika likipanda kilima cha Kemambo. Lilikuwa linakuja taratibu, na uani kwa Nashoni si mbali, mtu anafika kabla ulezi wa kwenye jiwe haujaisha. Maneno machache tu yangetosha: Mseti hakumbakiza mkwe. Wanaume wangetoka, wangempa mkono, wangempandisha lori kama anavyosindikizwa mtu wa saro anayekwenda mbali. Lakini baada ya maneno hayo wangeuliza ni nani basi, na akishajibu wangeuliza kwa nini, na jibu lingekuwa Gati, na baada ya Gati, Dodoma.

Heche akaenda mbele ya nyumba, akakaa juu ya sanduku. Kutoka pale alimwona Mseti amesimama peke yake kando ya barabara na litungu la kuazima, hakuna wa kumpa mkono. Lori likasimama, likampakia, likaondoka na vumbi lake.

Hakwenda kwa Nashoni siku ile, wala alipotangaziwa kwamba Mseti amerudi salama. Mpaka leo, ukiwauliza wanaume wa Kemambo msaliti ni nani, watakutajia Mseti bila kufikiri, na Heche, kama yupo, huwaacha waseme.